Uso wa Mkalimani

Siku mliponiaga pale mahakamani, kijana mmoja wa masjala aliniuliza, nami nina kijiko cha pilau mdomoni, "Mama, siku hizi kesi ni Kiswahili mwanzo mwisho. Kile Kiingereza chako kigumu utakipeleka wapi?" Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Sikumjibu kwa sababu jibu lenyewe lingewaharibia pilau. Nimelileta nyumbani, hapa Ipuli, pembeni mwa mji wa Tabora, na kwa kuwa sina tena mtu wa kumtafsiria, nimekaa kuliandika.

Kiingereza kile nilikijenga kwa woga. Wengi wenu mlidhani nakipenda, maana mlinikuta nimeinamia kamusi hata saa ya chai. Mtu akisikia mlango unasukumwa huenda kushika komeo, wala si kwa mapenzi ya komeo. Kamusi yangu ilikuwa hivyo. Nilikuwa naogopa siku ambayo neno litatoka kwa jaji, lifike kwangu, na mimi nisiwe na pa kulipeleka.

Nilianza kama karani. Shuleni nilifaulu Kiingereza vizuri, na jambo hilo nililisema mapema kwenye usaili bila kuulizwa. Kikao cha kwanza cha kesi za mauaji nilipelekwa kwa Mzee Nassor, mkalimani wa siku nyingi. Alikuwa wa zile familia za Waarabu wenye maduka karibu na soko, watu waliofika Tabora enzi za misafara na hawakuondoka tena. Kinyamwezi alikisema kuliko mimi niliyezaliwa nacho.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Wanasema Kiingereza unakijua."

"Nakijua, mzee."

"Basi kaa hapa, usikilize, halafu utaniambia tena jioni."

Nikakaa. Siku zile mawakili na jaji walisema kwa Kiingereza, na kumbukumbu za kesi ziliandikwa kwa Kiingereza. Mshtakiwa mara nyingi alikuwa mtu wa kijijini, mkulima au mfugaji, anayejua Kisukuma au Kinyamwezi, na Kiswahili cha mnadani cha kuulizia bei ya ng'ombe. Mkalimani alisimama kando ya kizimba. Ukifikiri vizuri, tulikuwa tunasimama kati ya watu wawili wasiosikilizana, na mmoja wao anaweza kumnyonga mwenzake. Jioni Mzee Nassor aliniuliza tena kama Kiingereza nakijua. Nikasema sikijui. Akaniambia sasa naweza kuanza kazi.

Daftari alilikataza. "Kizimbani hakuna atakayekungoja ufungue daftari," alisema. Baba yake alikuwa na duka la nafaka, na yeye alikuwa amekulia nyuma ya mizani, kwa hiyo kila kitu kwake kilikuwa kupima. Neno la Kiingereza liweke upande huu, la Kiswahili na la Kinyamwezi upande ule, na usiridhike mpaka mikono ya mizani isimame sawa. Kuna lile neno refu la kesi za mauaji, "malice aforethought". Kwenye kamusi yangu ya sheria lilikuwa "dhamira ovu iliyotangulia". Nikamwambia, nikijivuna. Akaniambia, "Vizuri. Jumapili nenda kamwambie mama yako kwa Kinyamwezi, uone kama ataelewa."

Nilikwenda. Mama alikuwa anamenya karanga. Nikamweleza kuhusu mtu ambaye kabla ya kuua alishaua moyoni. Akaacha karanga akanitazama. "Nani anataka kukuua huko mjini?" Ilinichukua hadi machweo kumtuliza, lakini kabla sijaondoka alikuwa amenipa maneno mazuri kuliko ya kamusi, na ndiyo niliyoyatumia mpaka nikastaafu. Tangu hapo kila nilipokwenda nyumbani nilikuwa na swali la kuua, la kuchokozwa, la kukusudia na kutokukusudia. Mama alimwomba mchungaji aniombee. Alikuwa na sababu, maskini.

Njiani pia nilijifunza. Kutoka mjini hadi hapa nilipanda baiskeli, na kwa kuwa mikono ilikuwa kazini, mdomo nao nikautia kazini. Nilitamka neno la Kiingereza nikipanda kilima, la Kiswahili nikishuka, la Kinyamwezi nikikata kona. Majirani walieneza habari kwamba nimehama Moravian nikajiunga na kanisa la kunena kwa lugha. Sikukanusha, maana ukweli ulikuwa mgumu zaidi kueleza.

Nilipokuwa nimejaza kichwa maneno makubwa, Mzee Nassor aliniketisha akaniambia kwamba maneno makubwa hayaui mtu. Yanayoua ni madogo. Hukumu ni ndefu, jaji atasema hili na lile, na wote mtalala usingizi. Kisha atasema "however", yaani hata hivyo, basi nyumba nzima imegeuka. Atasema "nevertheless", yaani pamoja na hayo yote, imegeuka tena. "Hizo ni bawaba, binti. Mlango hata uwe wa mninga, unageuka kwa bawaba. Sikiliza bawaba." Kwa hiyo nikaanza upya, na vijineno, na hivyo vilinitisha kuliko vile vya kwanza. Neno kubwa likikupita, wakili atalirudia. Kijineno kikikupita, umempeleka mtu upande usio wake na hakuna atakayejua.

Jambo jingine alilonifunza silo la lugha. Hukumu ikisomwa kwa Kiingereza, ukumbi mzima husikia sauti tu, lakini mkalimani anaelewa. Mshtakiwa analijua hilo. Kwa hiyo hamtazami jaji hata kidogo. Anakutazama wewe, usoni, tangu mwanzo hadi mwisho, akitafuta humo habari ya maisha yake. "Ukikunja uso, umemhukumu kabla ya jaji," alisema Mzee Nassor. "Ukitabasamu, umemdanganya. Uso wako uwe ukuta." Nilijizoeza mbele ya kioo. Mume wangu alinikuta siku moja, akauliza kama nimenuna.

Naandika juu ya kioo na baiskeli ili nichelewe kufika kwa mtu wangu wa kwanza. Alikuwa mtu wa makamo, amemuua shemeji yake, na ushahidi haukuwa na tundu. Mzee Nassor alikuwa mgonjwa, nikasimama mimi. Jaji alisoma, mtu yule akanitazama, nami nikawa ukuta. Kisha jaji akamaliza, akanipa ishara. Hapo ndipo nilipoelewa kazi niliyoomba. Jaji alikuwa ametoa adhabu, lakini mtu yule alikuwa hajaisikia. Angeisikia kwangu. Nilimwambia kwa lugha ya mama yangu, polepole, kwamba atanyongwa mpaka afe. Akaniuliza, "Lini?"

Kanuni ni kwamba kila asemalo mshtakiwa hupelekwa kwa jaji, liwe la maana au lisiwe. Nikageuka nikasema kwa Kiingereza, anauliza lini. Jaji hakuwa na jibu la kunipa, kwa kuwa sheria yenyewe haisemi. Ilibidi nimrudishie mtu yule jibu kwamba hakuna jibu. Usiku ule na mingine mingi sikula. Mzee Nassor alipopona alinitazama mara moja akajua. Alisema tu, "Sasa utasoma kwa bidii." Na kweli nilisoma.

Sasa nifike kwa Masanja, maana ndiye niliyetaka kuwaeleza tangu mwanzo. Mzee Nassor alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, na mimi ndiye niliyekuwa mkalimani mkubwa. Masanja alikuwa kijana wa kijiji kimoja upande wa Ziba, mkulima wa pamba. Mtoto wake alikufa kwa homa. Msibani alisikika akimtaja bibi mmoja jirani, mjane mwenye macho mekundu kwa moshi wa miaka mingi ya kupika, kwamba ndiye aliyemroga. Haukupita muda mrefu, bibi yule akakutwa jikoni kwake amekatwa mapanga, jioni, chungu kikiwa bado motoni. Mnaijua kanda yetu. Kesi za vikongwe waliouawa kwa kudhaniwa wachawi zilikuwa nyingi, na nilipomwona Masanja kizimbani nilimwogopa na nikamhukumu palepale, kimoyomoyo.

Utetezi wake ulikuwa mmoja. Jioni ile alikuwa mbali, kwenye boma la mzee mmoja aliyemwita kumsaidia ng'ombe aliyeshindwa kuzaa. Mzee huyo alikuwa amekwishakufa kabla ya kesi kusikilizwa. Mtoto wake wa kiume wakati ule alikuwa machimboni Kahama. Aliyebaki kumwona Masanja pale alikuwa mkwe wa mzee, mke wa huyo mtoto, aitwaye Kabula. Shingo ya Masanja ilikuwa imening'inia kwa mwanamke mmoja aliyevaa kanga mbili na hajawahi kupanda ngazi za jengo.

Kabula alieleza vizuri sana. Alieleza miguu ya ndama iliyotangulia kutoka, kamba waliyotumia, mafuta aliyoagizwa akalete, na jinsi Masanja alivyoondoka giza limeshaingia. Nikatafsiri, na kwa mara ya kwanza nikafikiri labda kijana huyu hakuua. Kisha Wakili wa Serikali akasimama. Alikuwa mtu mpole, tena makini, na swali lake lilikuwa la kawaida.

"Huyo mzee aliitwa nani?"

Nikatafsiri. Kabula akasema, "Baba mkwe."

"Jina lake."

Akanyamaza.

"Unaishi kwenye boma la mtu, unampikia, na jina lake hulijui?"

Wakili akajaribu njia nyingine. "Mume wako anaitwa nani?"

"Maganga."

"Maganga nani? Maganga mtoto wa nani?"

Kabula akainamisha kichwa. Machozi yakaanza kumdondoka, na kadiri alivyolia ndivyo alivyozidi kuonekana mwongo. Wakili akamwambia jaji kwa Kiingereza kwamba shahidi amefundishwa hadithi na waliomfundisha wamesahau kumpa jina. Wakili wa utetezi, kijana aliyetoka Dar es Salaam, alikuwa anapekua karatasi zake kana kwamba jibu limedondokea humo. Jaji akashika kalamu.

Wakati huo Kabula akainua macho akanitazama mimi.

Nyinyi vijana wa mjini huenda hamlijui hili. Kwetu, mwanamke aliyeolewa halitamki jina la baba mkwe wake, awe hai awe amekufa. Likiwa ni la lazima, humgeukia mtu aliye karibu, huyo akalisema, na yeye akaitikia tu: huyohuyo. Nami nimeolewa kwa desturi hiyo. Hata leo, nikijaza fomu za mume wangu, jina la baba yake namwachia aandike mwenyewe. Kwa hiyo nilijua Kabula ananiomba nini. Alikuwa anamwomba mwanamke mwenzake amtoe kifungoni. Na jina lenyewe nilikuwa nalijua, lilikuwa limeshasomwa siku ya kwanza ya kesi. Lilikuwa limekaa kwenye ulimi wangu.

Nilikuwa nimeapa kutafsiri kilichosemwa, na hapa hakikusemwa kitu. Mzee Nassor alikuwa amenionya zamani kwamba nikiongeza neno moja la kwangu nimekuwa shahidi. Nikilisema jina, nimetoa ushahidi wa mauaji nikiwa na kiapo cha ukalimani. Nikinyamaza, jaji ataandika kwamba shahidi ameshindwa kujibu, jambo ambalo ni kweli tupu, na Masanja atanyongwa kwa kweli hiyo. Na kulikuwa na la tatu lililonitisha kuliko yote mawili. Je, kama Kabula kweli kafundishwa, na halijui jina, na anataka tu kujificha nyuma ya desturi yetu? Machozi ya aina zote mbili ni ya maji na chumvi. Nikaangalia kiti cha nyuma alipokaa binti wa yule bibi aliyeuawa, kila siku na kitambaa kilekile cheusi kichwani. Yeye naye alikuwa ananitazama.

Nikatafuta Kiingereza. Maneno yote yale ya baiskeli na ya kamusi, hakuna hata moja lililokuwa na uzito wa kimya kile. Mwisho nikasema maneno ya mtoto wa darasa la nne: Mheshimiwa Jaji, mkalimani anaomba ruhusa aseme jambo la desturi.

Wakili wa Serikali alipinga, na alikuwa na haki. Alisema mkalimani anageuka shahidi. Jaji akaweka kalamu chini. "Sitaki ueleze chochote," akaniambia. "Muulize yeye. Nyumbani akitakiwa kulisema jina hilo, hufanyaje?"

Nikamuuliza. Kabula akajibu kwa sauti ndogo, "Mtu mwingine hulisema. Mimi husema ndiye."

Jaji akasema hata kwao kuna mambo ya namna hiyo. Akamgeukia Wakili wa Serikali. "Wewe ndiye unayelitaka jina. Mtajie majina, na utie mengine ya uongo. Mimi nitamtazama."

Wakili akataja majina, moja baada ya jingine, bila kupandisha wala kushusha sauti. Kabula alisimama kama hasikii. Nami nilikaza macho sakafuni, maana nilijua jina lipi linakuja, na niliogopa uso wangu usije ukamwambia. Lilipotajwa, nikasikia kanga ikivutwa. Nilipoinua macho alikuwa amejifunika uso mzima. "Ndiye," akasema kutoka ndani ya kanga. Nikatafsiri. Wakili akasema mtu anaweza kujifunika kwa jina lolote, na jina lenyewe angeweza kufundishwa vilevile. Hilo nalo lilikuwa kweli. Jaji akaandika kwa muda mrefu, nasi tukaondoka bila kujua ameandika nini.

Wiki zilizofuata sikuwa mtu wa kukaa naye. Nikiwaza kwamba hakuua, nilimwona Masanja ananiuliza lini. Nikiwaza kwamba aliua, nilimwona yule bibi na chungu chake, na mimi niliyesimama nikamwombea muuaji mlango. Mume wangu alinishauri nichukue likizo. Nilisema sitaki mtu mwingine amwambie Masanja. Sijui hata kwa nini nilisema hivyo.

Siku ya hukumu nilifika mapema, nikanawa uso kwa maji baridi, nikautengeneza uwe ukuta. Jaji akaanza kusoma. Masanja akaniganda kwa macho. Jaji alieleza kifo cha mtoto, maneno ya msibani, majeraha ya bibi, jeraha moja baada ya jingine. Kila sentensi ilikuwa inamsogeza Masanja kwenye kamba. Kisha ikaja "however". Moyo ukaruka. Lakini haikugeuza kitu, alikuwa anasema tu kwamba hata hivyo chuki ya mshtakiwa haikuwa ya siri. Akaendelea. Akafika kwa Kabula, akasema shahidi huyu hakuweza kujibu swali rahisi kuliko yote. Masanja hakupepesa. Jaji akafunua ukurasa, akanywa maji, akasema "nevertheless".

Nilisikiliza sentensi ile neno kwa neno. Alisema amemtazama shahidi kwa macho yake na amemwamini, na pale penye shaka mahakama hainyongi. Kisha akalisema neno lenyewe la mwisho, akanipa ishara.

Nikasimama. Nikamwambia Masanja kwa lugha yetu kwamba mahakama haikumkuta na hatia, na kwamba yuko huru.

Hakusogea. Aliendelea kunitazama, akisubiri sehemu iliyobaki. Kisha akauliza, akiniita mama kwa lugha yetu, "Mayu, una hakika umekisikia vizuri hicho Kiingereza?"

Na hapo mimi, niliyekesha na kamusi nusu ya maisha yangu, nikaona sina hakika. Neno nililijua kama jina langu. Lakini nilifikiria bawaba zote zile, nikafikiria kwamba huenda nilisikia nilichotaka kusikia. Kanuni ikaniokoa. Nikageuka nikasema kwa Kiingereza, Mheshimiwa Jaji, mshtakiwa anauliza kama mkalimani ana hakika.

Hakuna aliyecheka. Jaji akavua miwani. Hakunitazama mimi, alimtazama yeye, na kwa Kiswahili chepesi ambacho mtu yeyote wa mnadani angekielewa akasema, "Masanja, uko huru. Nenda nyumbani."

Nyuma ya ukumbi binti wa marehemu akasimama, akatoka, na viatu vyake vikasikika hadi mwisho wa korido. Masanja alikuwa ameelewa, niliona midomo yake ikiyarudia maneno ya jaji. Lakini mikono yake bado ilishika ubao wa kizimba, na macho yake bado yalikuwa kwangu. Kama ni kifo, angekisikia kwangu, na hili nalo alitaka kulisikia kwangu. Kwa hiyo nilimwambia tena, polepole, kwa lugha ya mama yangu, aende nyumbani. Ndipo akaachia ubao.